Motakaa Kuukuu Yageuzwa Kuwa ya Umeme

Watu wengi hudhani ya kuwa motakaa iendayo kwa nguvu za umeme ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1821, huko London, Michael Faraday alionyesha ya kuwa waya upitao umeme waweza kuizunguka sumaku pasipo kusukumwa na mkono. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alifanya betri ya risasi na asidi, iwezayo kutiwa umeme tena baada ya kuishiwa. Na mwaka 1899, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme kwa mwendo upitao kilometa 100 kwa saa. Kabla yake hakuna mtu aliyekwenda kasi hiyo kwa gari la barabarani.

Walakini betri za siku zile zilikuwa nzito mno, na petroli ikawa rahisi kupatikana; basi magari ya umeme yakasahauliwa muda mrefu. Mwaka 1991 betri za lithiamu-ioni, ambazo ni nyepesi, zilianza kuuzwa, na watu wakalirudia jambo lile la kale. Tena wako mafundi wasionunua motakaa mpya, bali huigeuza ile ya zamani. Katika Kenya na Tanzania yamegeuzwa hata magari yapelekayo wageni mbugani kutazama wanyama. Katika somo hili tutaona jinsi kazi hiyo ifanywavyo.

Fundi mmoja alirithi kwa baba yake motakaa ya Volkswagen, ile ndogo ya kale ambayo mgongo wake umepinda kama gamba la kobe, na injini yake iko nyuma. Injini hiyo ilikuwa imechoka. Ilikula oili nyingi na kutoa moshi mzito. Fundi akaazimu kuitoa na kutia nguvu za umeme, papo hapo uani kwake. Mpwa wake, mvulana wa darasa la saba, akafurahi sana. Akaja na spana mbili mkononi, akasema, "Mjomba, tuanze kufungua."

Mjomba akamjibu, "Ziweke spana, mwanangu. Lete kwanza daftari na kalamu ya risasi."

Wakaketi chini ya mwembe. Fundi akasema, "Gari dogo kama hili, likienda kilometa 100, latumia uniti 15 hivi za umeme, uniti zile zile tununuazo kwa taa za nyumbani. Sasa, kilo 100 za betri za risasi huweka uniti 3. Twahitaji kilo ngapi?"

Kijana akahesabu. "Kilo 500, mjomba."

"Tena betri ya risasi huharibika upesi ikiishiwa kabisa; yafaa kutumia nusu tu ya umeme wake. Basi itakuwa kilo ngapi?"

"Kilo 1000!"

"Na gari lenyewe zima lina kilo 800 hivi. Je, mtu aweza kubeba mzigo uzidio uzito wake mwenyewe, akakimbia nao?"

Kijana akanyamaza. Mjomba akaendelea, "Kilo 100 za betri za lithiamu huweka uniti 15. Hizo zatosha, na tukiongeza robo kuwa akiba, ni kilo 125. Walakini bei yake ni kubwa. Je, mimi kila siku nakwenda wapi?"

"Wenda karakana na kurudi, kilometa 30."

"Basi kwa nini ninunue betri za kilometa 100? Kilometa 60 ni safari ya siku mbili, nazo zanitosha." Wakahesabu tena, wakaona ya kuwa kilo 60, pamoja na robo ya akiba, ni kilo 75. Ndipo kijana alipokumbuka habari aliyoisoma katika Injili, ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, watu wakamcheka.

Lakini kijana alikuwa na swali. "Mjomba, lita 8 za petroli hupeleka gari hili kilometa 100, nazo uzito wake ni kilo 6 tu. Kwa nini tunaacha kitu chepesi na kuchukua kizito?"

Fundi akasema, "Umeuliza vema. Katika lita 8 za petroli mna nguvu zipitazo uniti 70. Walakini nyingi hupotea kwa joto la injini na moshi wake. Hata robo yake haifiki magurudumuni. Mota ya umeme hugeuza karibu sehemu 9 katika 10 za nguvu ipewazo kuwa mwendo. Tena haina oili ya kubadilishwa wala bomba la moshi. Petroli ni nyepesi, lakini hupotea bure. Umeme ni mzito kuubeba, lakini hufanya kazi. Kila kimoja kina faida na hasara yake, na mwenye akili huzipima zote mbili."

Siku ya pili fundi aliingia chini ya gari na taa na nyundo ndogo. Akaligonga chuma mahali pote, akaona pawili palipoliwa na kutu, akapaziba kwa kuchomelea. Akatengeneza breki na usukani. Maana kutia nguvu mpya katika mwili uliooza ni hatari.

Ndipo petroli ikatolewa yote mahali pa wazi, mbali na moto. Injini ya gari hili imeshikwa na sanduku la gia kwa bolti nne tu. Wakazifungua, wakaishusha polepole juu ya jeki, wakaliondoa na tangi. Mahali pa injini ikawekwa mota ya umeme. Kati ya mota na sanduku la gia lilitiwa bamba nene lililokerezwa kwa mashine, ili mihimili miwili ipate kuelekeana sawasawa. Kazi hii yataka uvumilivu, kwa sababu mihimili ikipotoka kiasi kidogo tu, gari litatetemeka, na beringi zitakufa mapema.

Betri zikagawanywa, nyingine mbele mahali pa tangi, na nyingine nyuma ya viti, ili uzito usielemee upande mmoja. Zikatiwa katika masanduku ya chuma yaliyofungwa imara. Kwa maana betri ya lithiamu ikitobolewa katika ajali yaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuzimika. Pakawekwa fyuzi, na swichi ya kukata umeme wote mara moja, na chombo kiangaliacho kila betri isijazwe kupita kiasi wala kuishiwa mno. Chombo kingine hupima umeme uendao kwenye mota, kwa kadiri dereva akanyagavyo.

Betri hizo zilikuwa 36, kila moja ya volti 3.2. Betri moja haimdhuru mtu akiigusa; lakini zikifungwa moja baada ya moja, volti zake hujumlishwa. Siku ya kuzifunga akaitwa fundi wa umeme mwenye cheti. Kijana akataka kusaidia. Akachukua spana, akanyosha mkono wake juu ya betri, na mkononi alikuwa amevaa saa ya chuma.

"Simama!" Mjomba wake akamshika mkono. Kijana akashtuka, kwa kuwa hajapata kumsikia akipaza sauti namna ile.

Mjomba akamwambia, "Petroli hukuonya kwa harufu yake, na injini kwa kishindo chake. Umeme huu hauna harufu wala sauti. Spana yako au saa yako ikigusa ncha mbili pamoja, chuma kitayeyuka na kukuunguza mfupani. Na ukizigusa zote kwa mikono yako, volti hizi zaweza kukuua."

Kijana akavua saa yake, akarudi nyuma, mikono yake ikitetemeka. Yule fundi wa umeme akamtajia masharti manne: kuvua saa, pete na kila kitu cha chuma, kuvaa mipira ya mikono na kutumia vyombo vyenye mpini usiopitisha umeme, kukata swichi na kupima kwa mita kabla ya kugusa, na kutofanya kazi hiyo peke yako kamwe. Na kwa watoto liko sharti la tano: kutazama kwa mbali.

Kazi ilipokwisha, gari likapelekwa kwa mkaguzi wa magari, likakubaliwa. Fundi akalileta nyumbani. Kuku mmoja alikuwa amesimama njiani akidonoa. Hakusikia lolote mpaka fundi alipopiga honi, akaruka kwa kelele. Kijana akacheka sana. Lakini mjomba wake hakucheka, akasema, "Leo ni kuku. Gari lisilo na kishindo lamtaka dereva awe na macho zaidi, maana kesho aweza kuwa mtoto."

Basi, ninyi msomao, kumbukeni. Mkono hodari ni kitu chema, lakini hesabu na itangulie mkono, na tahadhari ifuatane nao mpaka mwisho wa kazi.

Maswali

1. Kwa nini magari ya umeme yalisahauliwa muda mrefu?
2. Betri 36 za volti 3.2 zikifungwa moja baada ya moja, jumla ni volti ngapi?
3. Kama fundi angekwenda kilometa 40 kila siku, naye ataka umeme wa siku mbili pamoja na robo ya akiba, angehitaji kilo ngapi za betri za lithiamu?
4. Taja masharti manne ya kufanya kazi karibu na betri, na sababu ya kila moja.
5. Eleza kwa maneno yako: kwa nini ukimya wa umeme ni faida, tena ni hatari?