Kuizunguka Newala kwa miguu: ifuate njia ya maji

Nataka kuzunguka vijiji vya asili vya Wamakonde kwa miguu, nirudi nilikoanzia. Nianzie kijiji gani?

Kwanza acha kutafuta kijiji cha asili. Vijiji vingi utakavyovikuta juu ya uwanda wa Makonde, nyumba zikiwa zimejipanga kando ya barabara, shule huku na ofisi ya kijiji kule, vilipata sura hiyo wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, miaka ya 1960 mwishoni na 1970. Kabla ya hapo watu waliishi kwa kutawanyika, kaya chache za ukoo wa upande wa mama katikati ya kichaka walichokifyeka wenyewe, na ardhi ilipochoka walihama. Nyumba ya miti na udongo haikujengwa ili ije kurithiwa na wajukuu. Mgeni anayepiga picha paa la nyasi akidhani ameona mambo ya kale huenda amepiga picha kitu kilichoezekwa misimu mitatu iliyopita. Kongwe hapa ni njia, hasa zile zinazoshuka ukingoni kwenda kwenye chemchemi, kwa sababu kijiji huhama na chemchemi haihami. Ndiyo maana nasema mzunguko wenye maana Newala, mji ulio juu ya uwanda huo, upangwe kwa maji: uanzie juu, ushuke kwa njia moja ya maji, upite chini ya genge, upande kwa njia nyingine. Vijiji utavikuta tu, maana njia hizo zilichongwa na nyayo za watu wa vijiji hivyo.

Mbona juu kumestawi? Kuna mikorosho, mihogo, mbaazi. Maji yanaingiaje?

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mvua Newala si haba, inakaribia milimita 1,000 kwa mwaka, lakini inaangukia matabaka manene ya mchanga ambayo hayashiki kitu. Maji huzama moja kwa moja, huteremka ndani ya ardhi, na huja kutokea chini kabisa, kwenye miguu ya genge. Kwa hiyo juu unapata kichaka kizito na mkorosho wenye mizizi mirefu, ila mto hupati. Linganisha na Masasi, safari ya saa chache tu kwa gari. Kule ni milima ya mawe matupu iliyosimama mmoja mmoja kwenye tambarare; jiwe halinywi mvua, huimwaga chini, na watu wamejenga pale inapomwagikia. Masasi watu wameyafuata maji. Newala wameyakimbia, wakapanda kukaa mahali ambapo kila tone lilipaswa kubebwa kichwani.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu afanye hivyo? Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa na jambo hilohilo. Miongoni mwa simulizi alizoziandika kuna ile ya asili ya Wamakonde: mtu aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mwanamke, ikageuka mtu, wakazaa karibu na mto, mtoto akafa, wakapanda kidogo, akafa wa pili, walipofika juu kwenye kichaka, wa tatu akaishi. Tangu hapo wazao wakausiwa wasikae mabondeni. Msomaji wa leo atasema ni hekaya tu. Sawa, ila isome mara ya pili kama ushauri wa afya kutoka nchi yenye malaria, na haitakuchekesha. Ongeza na vita. Karne ya 19 bonde la Ruvuma lilikuwa mapito ya wafanyabiashara wa watumwa na ya Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi na kuteka watu kwenye kituo cha UMCA, misheni ya Kianglikana, na wamisionari wakahamia Newala. Hawakuvutiwa na mandhari. Kichaka cha Makonde ni kizito kiasi kwamba jeshi haliwezi kupita humo bila kwenda mmoja nyuma ya mwingine, na anayepita hivyo hupigwa kirahisi.

Bei ya usalama huo ilikuwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Iweke juu ya ngata, tupia majani mabichi juu ya maji yasirukeruke, kisha panda mamia ya mita kwenye mchanga unaorudi nyuma kila unapokanyaga. Anayepanda njia ile mikono mitupu, akatweta, atakuwa ameelewa historia ya uwanda kuliko atakavyoielewa akiwa amesimama Shimo la Mungu pale Newala mjini akitazama bonde. Mahali pale ni pazuri, silikatai. Ila ukiwa juu genge huonekana kama picha tu.

Huko si kuigeuza taabu ya akina mama kuwa burudani ya watalii?

Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na kwa kiasi fulani ni la haki. Njia ya maji ikitembezwa kama mchezo, huku mwanamke mwenye ndoo akigeuzwa kivutio cha kamera, ni afadhali isitembezwe kabisa. Lakini kuificha hakumsaidii mtu. Watu wa uwanda hawakukaa kusubiri huruma: tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mitambo ya kusukuma maji kutoka bondeni, na Mradi wa Maji Makonde bado unahudumia Newala, Tandahimba na Nanyamba. Bomba likikauka, kuna kisima cha nyumbani. Ukiona paa la bati lenye mlizamu unaoingia kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji, lina kifuniko na kufuli, simama ulitazame vizuri, maana ni jibu la wenyeji wenyewe kwa tatizo la mchanga. Mzunguko usiopita kwenye chemchemi, pampu na kisima cha uani umeeleza nusu ya habari. Kuna na adabu: beba maji yako kutoka mjini, usiteke chemchemini mbele ya waliopanga ndoo, na kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe.

Je, mzunguko mmoja utoke Masasi hadi Newala na kurudi?

Sishauri. Ni zaidi ya kilomita 70 kwenda peke yake, na sehemu kubwa utakula vumbi la malori. Fanya mizunguko miwili mifupi. Masasi, zunguka vilima kama Mtandi. Huko ndiko Askofu Edward Steere, yuleyule wa sarufi na tafsiri za Kiswahili, alikowafikisha watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876, safari ya miguu kutoka Lindi. Siku ya pili panda gari kwenda Newala, ufanye ule wa njia ya maji.

Msimu gani, na vipi kuhusu usalama wa mpakani?

Juni hadi Septemba, na ubebe sweta, kwani upepo wa ukingoni ni mkali. Ni wakati wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga kwenye mikorosho. Ukisikia mashine shambani, pita upande upepo unakotoka. Kuhusu mpaka, vita vya Cabo Delgado vilivyoanza mwaka 2017 vilivuka Ruvuma Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa. Basi geukia chini ya genge, usiende mtoni, na kabla ya yote ripoti kwa mtendaji wa kijiji.

Hakuna simba wala theluji. Nani atalipia?

Swali hilohilo lingeweza kuulizwa juu ya Usambara. Mpango wa utalii wa kitamaduni ulianza nchini mwaka 1995 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na leo watu hutembea siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae wakilala vijijini, bila kumwona hata tembo. Kilichowezesha ni waongoza njia wa palepale na malipo yanayojulikana. Newala ina upungufu wa vitanda, si wa habari. Fedha ya kwanza iende kwa mwongoza njia anayetoka kijiji unachokipita, kwa kuwa yeye ndiye anayejua shamba la nani linakatizwa, na ngoma inayosikika kichakani ni ya jando au ya harusi. Akisema tugeuke, mnageuka, hata kama zimebaki hatua mia kufika chemchemini.