Herufi 48 Zilizopotea Njiani

"Ssebo, wamelirudisha tena." Mhasibu wa ofisi moja ya Nakasero alisimama mlangoni, simu mkononi, akisoma barua pepe kutoka benki ya London: faili la mishahara limefika, lakini namba za akaunti hazimo. Fundi akalifungua kwenye kompyuta yake. Namba zilikuwemo zote, kuanzia safu ya 261. Faili lilikuwa na mistari karibu 2,000, kila mstari herufi 300, na programu ya kutuma mafaili ilikuwa imeweka alama ya kijani: kazi imekamilika. Mimi nilikuwa meza ya jirani. Nayaandika haya kwa sababu wauzaji wa programu hizi hapa Kampala hawamwelezi mteja jinsi faili linavyoundwa upande wa pili.

Kwenye Windows au Linux, faili ni baiti zinazofuatana tu. Meinfremu ya IBM inayotumia z/OS, kama ile ya benki hiyo, ina utaratibu mwingine. Kabla ya kupokea hata baiti moja, seva yake ya FTP hutenga nafasi kwenye diski na kuamua umbo la faili: rekodi zitalingana urefu au la (RECFM), kila moja itabeba baiti ngapi (LRECL), na bloku moja itakuwa na ukubwa gani (BLKSIZE). Mazoea hayo yana mizizi kwenye kadi za kutoboa. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na LRECL ya 80 bado imejaa kila mahali. Usipotaja umbo, unapewa la seva. Kama wenyeji hawakulibadilisha, hilo ni VB lenye LRECL ya 256, na baiti 4 kati ya hizo huandikwa urefu wa rekodi. Zako ni 252.

Fundi alilivuta faili kutoka London, akahesabu. Kila mstari uliishia herufi ya 252. Seva ilikuwa imetoa taarifa kwamba data imekatwa, ila ile programu ya kutuma mafaili, ambayo ni ya kulipia, iliificha nyuma ya alama ya kijani. Programu isiyoonyesha majibu ya seva haifai kugusa mishahara ya watu. Curl, kazi ya Daniel Stenberg wa Sweden, ni ya bure, na ukiweka -v inakuonyesha mazungumzo yote.

Dawa yake ni fupi. Katika kikao kilekile, kabla ya kutuma, andika SITE RECFM=FB LRECL=300 BLKSIZE=0. Ile sifuri inauachia mfumo uchague bloku. Kwenye diski za 3390 mfumo utachagua 27,900, yaani rekodi 93. Jina kamili la faili lifungwe kwa alama za nukuu moja. Na kwa curl usisahau -B, maana kwa heksadesimali A ya ASCII ni 41 na ya EBCDIC, usimbaji wa meinfremu, ni C1. Zisipogeuzwa, London watasoma takataka.

Fundi akafanya yote hayo. Seva ikajibu kwamba SITE imekubaliwa. Barua pepe ikarudi vilevile: namba hazimo.

Hili ndilo jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja. Faili la kwanza lilikuwa bado lipo London kwa jina lilelile. Seva ikikuta faili la jina hilo haiundi jipya. Inabadilisha yaliyomo tu, na umbo la zamani linabaki. SITE ilikubaliwa kweli, lakini ni maagizo ya faili litakaloundwa, na hapakuundwa kitu. Fundi aligundua alipoandika DIR: VB, 256, 6233. Akawapigia benki kuhakikisha hakuna kazi inayolisoma, akalifuta kwa DELE, akarudia SITE, akatuma. DIR ya pili ikaonyesha FB, 300, 27900. Jioni hiyo mhasibu alipata jibu alilolingoja. Tangu hapo kila faili linapewa jina lenye tarehe, kwa mfano kipande D250630, kwani kipande cha jina hakiruhusiwi kuanza na tarakimu wala kupita herufi 8.

Kuhusu nafasi, mwezi wa malimbikizo mistari ilifika 5,000 na faili likakwama katikati kwa kosa la B37. Traki moja inabeba rekodi 186 za namna hii, kwa hiyo zilihitajika traki 27. Seva isiyoelekezwa hutenga traki 1, kisha huongeza 1 kwa 1, na faili la kawaida haliruhusiwi kupita vipande 16 vya nafasi kwenye diski moja. Fundi aliongeza SITE TRACKS PRIMARY=30 SECONDARY=10, akalifuta lile lililokwama, akatuma upya, na mistari yote 5,000 ikaingia.