Kazini Baada ya Dripu ya Saratani: Siku za Kujihadhari na Kuvuja Damu

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi anayeendelea na kazi huku akitibiwa saratani kwa kemotherapi, na wa msimamizi wake.

Chembe sahani ndizo huziba jeraha ili damu ikome. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, zikimeguka kutoka kwenye seli kubwa ziitwazo megakariosaiti. Kemotherapi huua seli zinazogawanyika upesi, na seli changa za uboho ni miongoni mwazo. Lakini chembe sahani zilizokwisha kuingia kwenye damu huishi siku 7 hadi 10, hivyo upungufu hauonekani siku ya dripu. Hujitokeza akiba hiyo inapokwisha: mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, na kwa dawa kama kaboplatini huweza kuchelewa hadi wiki ya tatu. Wakati huo kichefuchefu kimeshapoa, mgonjwa anajisikia ana nguvu, na ameshakamata kazi.

Kwa hiyo andika tarehe ya dripu, hesabu siku, na umweleze msimamizi mapema. Katika siku hizo seremala aweke kando randa na msumeno, mama lishe amwachie mwenzake kisu, na dereva wa bodaboda aegeshe pikipiki, kwani kujigonga kichwa kunaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Msimamizi anayengoja kuona damu ndipo apange kazi nyepesi, amechelewa.

Maumivu yakikubana, usinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki dukani. Hudhoofisha hata chembe chache zilizobaki. Parasetamo nayo uulize kwanza, maana huficha homa ambayo daktari anapaswa kuijua. Tumia mswaki laini.

Kiwango cha kawaida ni chembe 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita moja ya damu. Daktari akiahirisha dozi kwa sababu ziko chini, mkubalie: uboho unahitaji muda wa kuzalisha nyingine.

Ukiona vidoa vyekundu miguuni vidogo kama ncha ya sindano, fizi au pua kutoka damu, hedhi nzito kupita kawaida, choo cheusi, au kichwa kikiuma ghafla, acha kazi uende hospitali saa hiyohiyo. Kadi ya kliniki yenye jina la dawa na tarehe ya dripu iwe mfukoni mwako.