Somo: Benki Isiyo na Tawi na Fedha za Wanachama

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha wajumbe wa Bodi na wanachama kupima kama benki inayofanya kazi kwa simu na mtandao peke yake yafaa kukabidhiwa fedha za chama, hasa pale ambapo benki hiyo imekwisha kusemwa vibaya na wateja wake.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 312 kimemaliza msimu kikiwa na akiba ya shilingi milioni 48. Benki yake iko mjini, mwendo wa saa tatu kwa basi, na kila safari ya mwenyekiti na mhasibu hula nauli, posho na siku nzima ya kazi. Katika kikao cha Bodi, mjumbe kijana anapendekeza akaunti ihamishiwe kwenye benki isiyo na tawi hata moja, ambayo hutoa riba nzuri zaidi na haitozi ada ya mwezi.

"Ndugu Mwenyekiti," asema, "kazi ya siku nzima itamalizika hapa hapa ofisini."

Mzee mmoja, mjumbe wa siku nyingi, anapinga. "Mwanangu, watu watatu wa kijiji hiki wameilalamikia benki hiyo. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Fedha zikikwama, tutagonga mlango wa nani?"

Wote wawili wana hoja. Kosa lingekuwa kupiga kura papo hapo, upande mmoja ukivutwa na riba na upande wa pili ukisukumwa na hofu. Mwenyekiti aahirisha uamuzi na kugawa kazi kwa namna ambayo wajumbe hawakuitazamia: kijana atumwa kwa wale watatu waliolalamika, na mzee apewa kazi ya kuchunguza uhalali wa benki yenyewe.

1. JENGO SI DHAMANA

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kukosa tawi si kasoro peke yake. Huko Uingereza, benki ya First Direct ilianza tarehe 1 Oktoba 1989 ikihudumia wateja kwa simu tu, bila tawi, nayo ingali hai. Kwa upande mwingine, tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, na miongoni mwao ilikuwamo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Hizo zilikuwa na ofisi na milango ya kugonga. Mlango haukuwa kinga.

Kinachoilinda amana ni mambo matatu: leseni, mtaji unaosimamiwa, na bima ya amana. Leseni ya benki Tanzania hutolewa na Benki Kuu, na orodha ya taasisi zenye leseni hutangazwa kwa umma. Jina lililo katika programu ya simu lilinganishwe na orodha hiyo herufi kwa herufi, kwa maana matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya benki za kweli. Tahadhari hii si ya bure: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila leseni.

2. KUYAPIMA MALALAMIKO

Malalamiko ni ushahidi, lakini ushahidi hupimwa. Aliyehudumiwa vema aghalabu hanyanyui sauti. Aliyeudhiwa huwaambia majirani wote. Hivyo wingi wa lawama pekee hautoshi kuihukumu benki yenye wateja wengi. Bodi iulize maswali matatu kwa kila lalamiko: Lilihusu nini hasa? Lilitokea lini? Liliishaje?

Yakichambuliwa hivyo, malalamiko hugawanyika katika mafungu matatu.

(a) Usumbufu wa huduma. Simu haipokelewi, programu hugoma, kadi huchelewa. Haya huudhi, lakini hayaonyeshi kwamba fedha hazipo.

(b) Akaunti kuzuiwa ghafla. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu huibana benki itoe taarifa ya miamala inayotia shaka, na huikataza kumjulisha mteja kwamba ametolewa taarifa. Mteja huona ukimya, naye hudhani ameibiwa. Pengine benki inatimiza sheria tu. Hata hivyo, kwa benki isiyo na tawi hakuna ofisa wa kuonana naye ana kwa ana na kumwonyesha hati, na jambo la siku mbili laweza kuchukua wiki kadhaa.

(c) Fedha kutolipwa. Watu wengi, kwa wakati mmoja, wanashindwa kutoa fedha zao. Au salio la jana halilingani na la leo bila maelezo. Lalamiko la fungu hili, likithibitika, latosha kusimamisha mpango wote.

3. NANI ANASHIKA DAFTARI?

Si kila programu ya simu iitwayo benki ni benki. Nyingine ni kampuni inayopokea fedha za wateja na kuziweka katika benki nyingine. Hapo ndipo ilipo hatari iliyojificha.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi huko Marekani. Kampuni iitwayo Synapse haikuwa benki; ilisimama katikati, ikiziunganisha programu za simu na benki zenye leseni, na ikitunza hesabu za nani anadai kiasi gani. Ilipofilisika mwezi Aprili, hesabu zake na za mabenki hazikulingana. Kufikia Mei, watu zaidi ya 100,000 walikuwa hawawezi kugusa fedha zao, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama alikadiria pengo la kati ya dola milioni 65 na milioni 96. Wengi walikuwa wameambiwa kwamba amana zao zina bima ya serikali. Lakini bima ile hulipa benki inapoanguka, na hapo hakuna benki iliyoanguka. Iliyoanguka ni kampuni ya katikati.

Wanaushirika wamekuwa wakifundishwa tangu zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Swali la kuuliza, basi, ni hili: daftari lenye jina la chama liko mikononi mwa benki yenye leseni, au mikononi mwa mtu wa kati? Jibu lidaiwe kwa maandishi.

4. KINGA NA MPAKA WAKE

Benki Kuu ilipozifunga zile benki 5 mwaka 2018, kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi milioni 7.5. Kinachozidi hapo hudaiwa katika ufilisi, na hulipwa kwa kadiri mali za benki zitakavyopatikana.

Sasa wajumbe wafanye hesabu. Chama cha mfano kina wanachama 312, lakini mbele ya benki chama ni mtu mmoja kisheria, mwenye amana mmoja. Katika shilingi milioni 48, milioni 7.5 zina kinga na milioni 40.5 hazina. Hesabu hii ni ile ile kwa benki yenye tawi na isiyo na tawi. Wala riba nono haiibadilishi.

5. FEDHA ZA CHAMA SI ZA MTU MMOJA

Mtu binafsi akikosea, hula hasara yake. Chama hubeba fedha za watu. Kwa hiyo benki ya mtandao ijibu pia maswali haya:

Je, malipo yatahitaji idhini ya watu wawili au watatu, kila mmoja kwa simu yake na namba yake ya siri? Akaunti inayotii simu moja ni sawa na hundi iliyosainiwa tupu.

Je, kiongozi akiondolewa madarakani au simu ikipotea, idhini yake hufutwa kwa muda gani?

Je, taarifa ya akaunti itapatikana katika hati inayokubalika kwa mkaguzi?

Je, akaunti itastahimili fedha nyingi kuingia kwa siku moja, kama inavyotokea kahawa inapouzwa? Muamala wa namna hiyo ndio unaoweza kuitia benki shaka.

6. BODI ILIVYOAMUA

Mzee alirudi na jibu ambalo hakulitarajia: benki ina leseni yake yenyewe, inachangia bima ya amana, na hakuna mtu wa kati. Kijana naye alirudi kimya kidogo. Wawili kati ya watatu walilalamikia simu kutopokelewa. Wa tatu, mama mwenye duka, alizuiliwa akaunti kwa wiki tano baada ya kupokea fedha za kiwanja alichouza. Alilipwa yote, hakuna senti iliyopotea. Lakini ada za shule za watoto zilichelewa, na duka lilikaa tupu.

Hapo Bodi ikaona kitu ambacho riba na hofu vilikuwa vimekificha. Benki yaweza kuwa halali na aminifu, na bado isifae kazi yote ya chama. Wiki tano za ukimya katika msimu wa malipo maana yake ni wakulima 312 kukaa bila fedha, na wengine kuuza kahawa yao kwa walanguzi.

Bodi iliazimia, na kuandika katika kumbukumbu, kwamba fedha za malipo ya wakulima zibaki katika benki ya mjini. Akaunti ndogo ya matumizi ya ofisi, isiyozidi shilingi milioni 5, ifunguliwe katika benki ya mtandao kwa idhini ya watu wawili. Ijaribiwe msimu mmoja kwa kuweka, kutoa na kudai taarifa. Na matokeo yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu, ambao ndio wenye fedha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Orodhesheni malalamiko mliyoyasikia kuhusu benki yoyote, kisha yapangeni katika mafungu (a), (b) na (c).
2. Akiba ya chama chenu ni kiasi gani, na ni kiasi gani kati yake kina kinga ya bima ya amana?
3. Simu ya mwenyekiti ikiibiwa usiku huu, ni nani atakayeizuia akaunti ya chama kabla ya asubuhi, na kwa njia gani?
4. Kwa nini Mwenyekiti alimtuma kijana kwa waliolalamika, na mzee kuchunguza leseni?