Kompyuta inaicheza, deki inaikataa

SWALI: Nimepakua video za harusi ya mdogo wangu tulizotumiwa na mpiga picha. Nimezichoma kwenye DVD ili mama azitazame, lakini deki yake haizisomi. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kipawa, Dar es Salaam

JIBU: Inaelekea umechoma mafaili ya MP4 kama data. Deki nyingi za zamani husoma DVD-Video tu, yaani picha za MPEG-2 ndani ya folda ya VIDEO_TS. Kubadilisha jina la faili hakusaidii. Lazima video yenyewe igeuzwe.

Tumia DVDStyler, programu ya bure. Ingiza video, chagua PAL (720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde), na sauti ya AC-3. Programu itageuza na kuchoma.

Diski ya kawaida hubeba GB 4.7. Ukizidisha saa mbili, picha huanza kuharibika; sherehe ndefu igawe kwenye diski mbili. Choma DVD-R kwa kasi ndogo, kisha ijaribu kwenye deki ya mama.

Tafadhali, usifute MP4 za mwanzo. Kila ugeuzaji hupunguza ubora, na ubora huo haurudi.