Mbaazi, Dona na Mchicha: Mlo wa Jioni Uliomo Nyumbani

Katika kata ya Singe, mjini Babati, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Babati, mbaazi hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi huvunwa kwanza, na mbaazi husalia shambani hadi kiangazi. Kwa miaka mingi zao hili limehesabiwa kuwa la kuuza, na mnunuzi wake mkubwa amekuwa India. Mwezi wa Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei ikaanguka sana katika Tanzania. Ndipo ilipodhihirika hatari ya kuitazama mbaazi kama bidhaa ya soko tu.

Hali hiyo yafaa ifikiriwe pamoja na nyingine. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, yakiwamo maradhi. Lakini mlo wa wanga mtupu ni mojawapo. Basi kwa nini mbaazi ikae guniani ilhali sahani ya jioni ina ugali na mboga kidogo tu? Jibu moja ni muda. Anayerudi nyumbani jua likizama hawezi kungoja chungu cha mbaazi kavu kwa saa mbili, wala kuni hazitoshi.

Kwa nini mbaazi huchelewa kuiva

Punje kavu ya mbaazi imefunikwa na ganda gumu lisilopitisha maji upesi. Ndani yake, chembe hai zimeshikanishwa na kitu kiitwacho pektini, ambacho hulegea polepole kwa maji na joto. Tena Babati iko mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huko maji hutokota kwenye nyuzi karibu 96, wala si 100 kama pwani. Kwa hiyo chakula huchelewa zaidi.

Wapishi wengi hutia magadi. Ni kweli kwamba magadi hulegeza pektini, lakini pia huharibu vitamini B1 iliyomo katika punje. Njia iliyo bora ni kuliondoa ganda. Mbaazi hulowekwa kwa saa chache, huanikwa juani mpaka zikauke kabisa, kisha huparazwa kwa jiwe na kupepetwa kwa ungo. Kazi hii hufanywa mara moja kwa matumizi ya siku nyingi. Mbaazi zilizoparazwa, zikilowekwa kwa nusu saa, huiva kwa dakika 30 hadi 40. Katika msimu wa mbaazi mbichi hakuna haja ya kuparaza, kwa kuwa hizo huiva upesi zenyewe.

Kwa nini mbaazi na mahindi

Protini hujengwa kwa amino asidi. Mahindi yana upungufu wa ile iitwayo laisini, ambayo mbaazi inayo kwa wingi. Mbaazi nayo ina upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hukamilisha pungufu la mwenziwe. Aidha, gramu 100 za mbaazi kavu zina protini ipatayo gramu 22. Unga wa dona hufaa kuliko sembe, kwa sababu kiini na pumba za mahindi, zenye vitamini na madini, hazikuondolewa.

Namna ya kupika

Kwa watu watano, vikombe 2 vya mbaazi zilizoparazwa huoshwa na kuchemshwa katika chungu kilichofunikwa. Zikikaribia kulainika, kitunguu 1 na nyanya 2 hukaangwa kwa vijiko 2 vya mafuta ya alizeti, kisha humiminwa chunguni pamoja na chumvi kidogo. Mafungu 2 ya mchicha, au majani ya maboga, huoshwa kwanza ndipo yakakatwa, nayo hutiwa katika dakika 5 za mwisho. Wakati huo ugali wa dona husongwa. Chungu kikiisha kuipuliwa, hukamuliwa ndimu.

Hakuna kilichotiwa bure. Mafuta huusaidia mwili kuipokea karotini ya mboga, ambayo hugeuzwa kuwa vitamini A. Vitamini C ya ndimu husaidia kufyonzwa kwa madini ya chuma, ambayo yakitoka katika mimea hupokewa kwa shida. Chai, kinyume chake, huzuia madini hayo. Ni afadhali inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Mtoto mdogo apewe mbaazi zilizopondwa laini, wala asipewe mchuzi peke yake, kwani protini nyingi imo katika punje. Hata hivyo, mimea haina vitamini B12. Kwa hiyo maziwa, mayai au dagaa yasisahauliwe kabisa katika siku nyingine.

Mkulima atauza mbaazi zake, na ni haki yake. Lakini kabla gunia halijashonwa, debe moja la kuparaza na litengwe kwa ajili ya nyumba.