Somo: Chanjo ya Ndigana na Koti la Kijidudu

Hapa Mbotela estate hakuna mahali pa kumfunga hata mbuzi, lakini vyama vingi vya akina mama vina ng'ombe. Wako ushago, wamenunuliwa kwa pesa za mzunguko. Mmoja akifa kwa ndigana kali, mkopo unabaki pale pale.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia, yule anayependa masikio. Mate yake yana kijidudu kiitwacho Theileria parva. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama anapumua kwa shida, na ng'ombe wa gredi anaweza kufa katika wiki chache tu.

Chanjo iliyopo ilibuniwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa kijidudu kizima kilicho hai, na papo hapo sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, na kinga hudumu miaka mingi. Ni chanjo nzuri. Taabu yake ni kwamba huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji, baridi kupita friji yoyote, na ikishayeyushwa hairudishwi. Tena mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi. Mwenye ng'ombe mmoja akimwita daktari peke yake, dozi nyingine zinamwagika. Hapo kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja.

Je, ni lazima kumdunga mnyama ugonjwa wenyewe? Wataalamu wa Kabete, katika maabara ambayo sasa ni ya ILRI, walijaribu njia nyingine. Kijidudu kina protini juu ya ngozi yake, iitwayo p67. Ni kama koti la mwizi. Ukimwonyesha askari wa mwili koti peke yake, atamkamata mwenyewe akija. Mwaka 1992 walitangaza kwamba katika ng'ombe 9 waliopewa koti hilo, 6 walikingika. Majaribio ya baadaye mashambani, Pwani na Kenya ya kati, yalipunguza ugonjwa mkali kwa karibu nusu. Nusu haitoshi. Kijidudu huingia upesi ndani ya chembe nyeupe za damu, na akishajificha humo askari hawaoni koti tena. Utafiti unaendelea, lakini chanjo hiyo haijafika dukani, kwa hiyo anayewauzia leo anawadanganya.

Marekani nako kuna ugonjwa wa kupe unaoshika watu, uitwao Lyme. Mwaka 1998 ilitoka chanjo ya protini ya ngozi ya bakteria wake. Kupe akimnyonya mtu aliyechanjwa, alikunywa kinga pamoja na damu, na bakteria wakafa humo humo tumboni mwa kupe! Hata hivyo kampuni iliiondoa sokoni mwaka 2002 kwa kukosa wanunuzi. Chanjo bila watu wa kuitaka haikai.

Waliochanjwa waendelee kuogeshwa dawa ya kupe, maana ndigana baridi na mkojo mwekundu havizuiwi na chanjo hii.

Jadilianeni mkutanoni: Majirani zenu wana ng'ombe wangapi wa kuchanjwa siku moja? Nani atazungumza na daktari wa mifugo? Na kabla ya kutoa mkopo wa ng'ombe, je, pesa ya chanjo iwe ndani yake?